Shayiri na Hopsi: Ni Lipi Litakalomfaa Mkulima wa Kikopey?

Siku hizi bia za viwanda vidogo zimepata wanywaji wengi katika miji ya Kenya. Mbali na kampuni kubwa iliyoanza kazi Nairobi mwaka wa 1922, wako watu waliojenga viwanda vya kadiri, ambavyo hupika lita mia chache kwa wakati mmoja na kuuza bia yao kwa bei ya juu kwa watu wapendao ladha isiyo ya kawaida. Huko Naivasha, mwendo usio mrefu kutoka Gilgil, kampuni ya Keroche ilianzishwa mwaka wa 1997, na mwaka wa 2008 ikatoa bia yake iitwayo Summit. Basi si ajabu kwamba baadhi ya wakulima wa Bonde la Ufa huuliza hivi: Ikiwa bia hupikwa kwa shayiri na hopsi, kwa nini mimea hiyo isilimwe hapa hapa, na wageni wakaja kuitazama shambani, wakala, wakanywa, wakalala, na kuacha fedha zao?

Swali hilo ni zuri, wala halistahili kuchekwa. Lakini mtu mwenye ekari tatu au nne, anayedaiwa mkopo na chama chake cha akiba, na mwenye watoto wanaongojewa karo shuleni, hawezi kulijibu kwa tamaa. Hana budi kujua kila mmea wataka nini, nani ataununua, na kwa nini mnunuzi huyo aweza kuukataa siku ya kuuleta.

Kwanza itazamwe nchi yenyewe. Kikopey iko kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, baada ya kupita Gilgil, kabla msafiri hajateremka kwenye Ziwa Elmenteita. Wasafiri hawaijui kwa kilimo. Waijua kwa nyama choma ya mbuzi na kondoo. Zamani sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa shamba moja la ng'ombe lililoitwa Kekopey. Tangu mwaka wa 1972 bibi mmoja mtaalamu wa wanyama, Shirley Strum, alikuwa akichunguza maisha ya nyani katika shamba hilo. Baadaye ardhi iliuzwa kwa chama cha wakulima, ikagawanywa, na watu wakaanza kupanda mahindi. Mvua ilikuwa haba, mahindi yakawa dhaifu, na hata yale machache yaliyokomaa yaliliwa na nyani. Ugomvi ukazidi, hata mwaka wa 1984 makundi ya nyani wale yakahamishiwa Laikipia. Habari hiyo yafaa kukumbukwa na kila mtu atakaye kuleta mmea mpya Kikopey, maana ilionyesha kwamba majani yanayonenepesha mbuzi vizuri si dalili ya kwamba nafaka nayo itazaa vizuri.

Sasa itazamwe bia. Bia hutengenezwa kwa vitu vinne: maji, kimea, hopsi na hamira. Kimea ni nafaka iliyoloweshwa hata ikaanza kuchipua, kisha ikakaushwa. Akina mama wapikao busaa hukijua sana kimea cha wimbi; kile cha shayiri ni ndugu yake. Kimea ndicho kitoacho sukari, na hamira hula sukari hiyo na kuigeuza kileo. Hopsi haina kazi katika jambo hilo. Kazi yake ni kutia uchungu na harufu nzuri, na kuizuia bia isiharibike upesi.

Vipimo vyake vyastahili kufikiriwa. Ili kupata lita 100 za bia iliyopikwa kwa kimea kitupu, mpikaji hutumia kilo 15 mpaka 20 za kimea, lakini hopsi hutumia gramu mia moja tu, au mia chache akitaka uchungu mwingi. Yaani mnunuzi ahitaji gunia la shayiri, na hopsi zijaazo viganja viwili vitatu. Hopsi zilizokaushwa na kushindiliwa katika mfuko usioingiza hewa husafiri toka Ulaya au Marekani bila kuharibika, na uzito wake ni mdogo.

HOPSI NA UREFU WA SIKU

Hopsi ni mmea wa kutambaa, unaozunguka kamba na kupanda juu kiasi cha mita tano au sita katika msimu mmoja. Shina na majani hufa kila mwaka, lakini mizizi hubaki ardhini na kuchipua tena kwa miaka mingi. Uko mmea dume na mmea jike. Wakulima hutaka jike tu. Maua yake hufanana na tunda dogo la msonobari, lenye magamba laini ya kijani, na chini ya magamba hayo mna unga wa njano unaonata. Unga huo ndio wenye uchungu na harufu, na ndio unaolipwa fedha.

Udongo wa Kikopey waweza kurekebishwa kwa samadi, na maji yaweza kuvutwa kwa mfereji. Jambo lisiloweza kurekebishwa kwa jembe ni jua. Hopsi hupima urefu wa siku. Siku zikiwa ndefu sana mmea hurefuka na kutoa matawi. Zianzapo kupungua, ndipo mmea hutoa maua. Katika nchi ya Hallertau, Ujerumani, ambako hopsi hulimwa kwa wingi sana, siku ya katikati ya majira ya joto ina mwanga wa saa 16. Kwa hiyo mmea hupata muda wa kupanda mpaka juu ya nguzo kabla ya kuanza kuzaa. Kikopey haiko mbali na mstari wa Ikweta, hata nusu digrii haitimii. Mwaka mzima mchana wake ni saa 12 na dakika chache, na tofauti kati ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa haifiki dakika kumi. Mmea wa hopsi ukipandwa hapo hudhani majira yamekwisha tangu siku ya kwanza. Hutoa maua ungali mfupi, nayo huwa machache.

Watu wengine wamekwisha kupambana na shida hiyo. Wakulima wa George, katika Afrika ya Kusini, hupata siku ndefu kuliko za Kikopey, lakini fupi kuliko za Ujerumani. Hapo mwanzo iliwalazimu kuwasha taa za umeme juu ya mashamba yao ili kuudanganya mmea kwamba mchana haujaisha. Kisha wataalamu wao wakafanya kazi miaka mingi kupata mbegu zilizozoea siku za kwao. Katika miaka hii, wakulima wa Brazil, na wengine wa Florida huko Marekani, nao hutumia taa. Kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba jambo hili haliwezekani. Aliye na umeme wa kutosha, nguzo ndefu, kamba, tanuri la kukaushia na chumba cha baridi cha kuwekea mavuno, aweza kupata hopsi hata Kikopey. Lakini atakuwa amejenga kiwanda cha kuzalisha kitu ambacho mnunuzi hukihitaji kwa gramu, na ambacho chapatikana kwa rahisi kutoka ng'ambo. Mizizi nayo haitoi mavuno kamili mpaka mwaka wa tatu hivi, na mkopo hausubiri muda huo.

Mashina manne au matano karibu na nyumba ya wageni, yakiwa na taa moja, ni pambo zuri, na mgeni atapenda kuvunja ua na kulinusa. Hayo ni matumizi ya haki. Ekari nzima ni hasara.

Wako wanaotaja mmea mwingine wa uchungu. Wahabeshi hawatumii hopsi katika pombe zao za asili; hutumia majani na vijiti vya mti mdogo waitao gesho. Mti huo huota pia katika nchi za milima za Kenya, wala hauhitaji taa. Mpikaji mdogo atafutaye ladha ya peke yake aweza kuujaribu, ingawa ni yeye atakayekuwa mnunuzi wa pekee.

SHAYIRI

Kwa shayiri mambo ni tofauti, kwa sababu shayiri hulimwa Kenya tangu zamani na soko lake lipo. Hulimwa Mau Narok, Molo na Njoro, na katika sehemu za Narok, Timau na Uasin Gishu. Mnunuzi mkubwa ni East African Maltings, iliyo chini ya East African Breweries. Hupatana na wakulima kwa mkataba na kueleza aina ya mbegu inayotakiwa.

Mtu akiitazama orodha hiyo ya mahali ataona kwamba nyingi ni nchi za juu zenye baridi. Molo na Mau Narok ziko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Baridi huifanya punje ijae polepole, ikawa nene na yenye wanga mwingi, na wanga ndio utakaokuwa sukari. Mahali pakavu, jua likikaza wakati punje inapojaa, punje husinyaa. Wanga hupungua na protini huzidi. Protini nyingi ni chakula chema kwa ng'ombe, lakini kwa mpikaji ni ubaya: humpunguzia bia na kuifanya iwe na ukungu. Kwa kawaida mpikaji hutaka protini isiyopungua asilimia 9 wala kuzidi 11.5 hivi.

Hapa ndipo wakulima wengi hukosea, hata walio hodari wa mahindi. Mkulima wa mahindi hufurahia shamba lililokuwa boma la ng'ombe, kwa kuwa samadi yake ya miaka mingi huyafanya mahindi yawe meusi kwa afya. Shayiri ya bia ikipandwa hapo hulala chini kwa kurefuka kupita kiasi, na punje zake hujaa protini. Hali kadhalika mbolea ya naitrojeni ikitiwa kwa kuchelewa, mmea ukiwa karibu kutoa masuke, huongeza protini wala haiongezi wanga. Mbolea itiwe mapema na kwa kiasi, baada ya udongo kupimwa. Katika nchi ya Kikopey, ambako mifugo imelala kila mahali kwa vizazi vingi, jambo hili si dogo.

Jambo la pili ambalo mkulima wa mahindi hulisahau ni kwamba shayiri ya bia yanunuliwa ikiwa hai. Punje iliyokufa haichipui, na isiyochipua haiwi kimea. Itaoza katikati ya nyingine. Kwa hiyo mnunuzi hudai kwamba katika kila punje 100, zisipungue 95 zitakazochipua. Mkulima aweza kujipima mwenyewe kabla ya kukodi gari. Ahesabu punje 100 bila kuchagua, azitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu katika sahani, afunike, na kuhakikisha kitambaa hakikauki wala hakielei majini. Baada ya siku tatu azihesabu zilizotoa kimzizi cheupe. Wakati mwingine shayiri iliyovunwa juzi hukataa kuchipua kwa sababu bado imelala. Hiyo ingoje wiki kadhaa, ipimwe tena. Lakini ikiwa ilianikwa juu ya bati lenye moto mkali, au ilihifadhiwa mbichi ikapata joto ndani ya gunia, imekufa, wala kungoja hakutaifufua. Punje zilizovunjika au kuchubuliwa na mashine nazo ni hasara.

Unyevu wa nafaka usizidi asilimia 13. Asiye na kipimo afanye hivi: atie chumvi kavu kabisa katika chupa kavu, kiasi cha vijiko viwili, aongeze nafaka mpaka theluthi ya chupa, afunge, atikise kwa dakika kadhaa, kisha aiache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, nafaka ni mbichi bado. Isiposhikamana, iko karibu kufaa, nayo ianikwe siku nyingine moja au mbili kwenye turubai kwa usalama. Katika vipimo vya mnunuzi mna pia chekeche lenye matundu ya milimita 2.5, punje zipitazo hapo huhesabiwa kuwa nyembamba. Mbegu za aina mbili zisichanganywe, maana hazichipui pamoja.

Shayiri ikikataliwa haitupwi. Ikipondwa ni chakula chema cha mbuzi na ng'ombe. Lakini bei yake ni ya chakula cha mifugo, na mkulima aliyelipa mbegu, mbolea na trekta kwa kutumaini bei ya bia ataona tofauti hiyo mfukoni.

NANI ATANUNUA?

Tuseme mkulima wa Kikopey amepata ekari moja ya shayiri njema, kilo 1,000. Kilo 100 za shayiri hutoa kiasi cha kilo 80 za kimea, hivi kwamba ana kilo 800 za kimea. Mpikaji mdogo apikaye lita 500 kwa mara moja hutumia kiasi cha kilo 100. Ekari hiyo moja imemtosha kupika mara nane, yaani lita 4,000. Wakulima kumi wakilima ekari nne nne kila mmoja, watapata shayiri ya kupika lita 160,000, na mpikaji mdogo wa kumaliza hiyo si rahisi kupatikana. Upande wa pili, kampuni kubwa, iliyozoea mashamba mapana yavunwayo kwa mashine, haitavutwa na magunia kumi ya mtu mmoja mmoja. Mkulima mdogo amesimama kati ya wanunuzi wawili: kwa huyu ni mkubwa mno, kwa yule ni mdogo mno.

Tena mpikaji mdogo hahitaji shayiri, ahitaji kimea. Hana mahali pa kuloweka wala tanuri. Ndiyo maana wazo linalostahili kujadiliwa katika baraza la wakulima si la mtu mmoja kulima, bali la chama cha ushirika kununua shayiri kutoka nchi za juu, kama Mau Narok au Molo, pamoja na kidogo kitakachostawi Kikopey, na kuigeuza kimea. Kazi hiyo yataka usafi na usingizi mchache. Nafaka huloweshwa kwa zamu, maji yakimwagwa ili ipate hewa, mpaka karibu nusu ya uzito wake iwe maji. Hutandazwa mahali pa baridi, ikageuzwa mara kwa mara kwa siku nne au tano isije ikapata joto na kufungamana kwa mizizi. Baridi ya usiku wa Kikopey, ambayo wageni huilalamikia, ni msaada hapo. Kisha hukaushwa kwa hewa ya moto, kwanza polepole na mwishoni kwa nyuzi 80 hivi, na vimizizi husuguliwa vikaondoka. Jua peke yake halitoshi kutoa kimea cha namna moja kila wiki, na mpikaji hudai namna moja kila wiki.

Yafaa vilevile kukumbuka kodi. Mwaka wa 2013 serikali ilipoongeza ushuru wa bia ya mtama iuzwayo katika mapipa, mauzo yake yalianguka sana, na wakulima wa mtama waliokuwa wamepanda kwa kuitegemea wakabaki na magunia. Mwaka wa 2015 ushuru ulipunguzwa, na soko likaanza kurudi. Wakulima wale hawakuwa wamekosa neno lolote shambani. Kwa hiyo asipande mtu shamba zima kwa kutegemea kinywaji kimoja, naye apate kwanza barua ya mnunuzi yenye kutaja kiasi, bei, vipimo na siku ya kulipa. Ahadi iliyotolewa mbele ya sahani ya nyama haitoshi.

WAGENI

Mali ambayo Kikopey inayo tayari, bila kupanda kitu, ni watu wanaosimama. Pale karibu ni Ziwa Elmenteita, ambalo mwaka wa 2011 liliandikwa katika Urithi wa Dunia pamoja na maziwa ya Nakuru na Bogoria, na hifadhi ya Soysambu, na Kariandusi penye mashoka ya mawe ya watu wa kale. Mgeni aliyekwisha kuketi kula mbuzi aweza kushawishiwa kukaa saa mbili zaidi akiwa na kitu cha kuona.

Robo ekari ya shayiri yatosha kwa hiyo. Ikiwa na masuke huvutia macho, na upepo wa jioni ukiipitia huonekana kama maji. Mgeni aonyeshwe nafaka, aonjeshwe kimea kikavu, ambacho ni kitamu hata kwa watoto, aone tanuri, anuse ua la hopsi, kisha alipe ada yake. Hayo yote hayataki leseni ya pombe. Kupika na kuuza bia ni jambo jingine: sheria ya vileo ya mwaka wa 2010 yataka leseni, serikali ya kaunti ina masharti yake, na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya hutaka leseni kwa kila atengenezaye kitu kitozwacho ushuru. Mwenye shamba asiye tayari kwa gharama hizo aweza kuuza bia iliyopikwa na kiwanda chenye leseni, naye awe na leseni ya kuuzia. Na kwa kuwa barabara hiyo ina malori mengi na ajali zake zajulikana, vyumba vya kulala vitangulie pipa la bia. Dereva aonjeshwe kimea peke yake.

Liko pia faida moja ambayo watu huisahau. Mpikaji akiisha kukamua utamu wa kimea, hubaki na machicha mengi, yenye protini nzuri kwa mifugo. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walio karibu na viwanda vikubwa huyagombania. Mpikaji wa lita 500 atakuwa nayo magunia kadhaa kila apikapo, na mbuzi wa Kikopey hawayakatai, mradi wapewe kidogo kidogo pamoja na majani makavu. Machicha yana maji mengi. Yakiachwa wazi siku mbili tatu huchacha na kuota ukungu. Basi yachukuliwe siku ile ile ya kupika, na yatakayosalia yashindiliwe katika pipa, hewa itolewe, na mdomo wa pipa ufunikwe kwa nailoni na kukandamizwa kwa mawe.